Leja ya NetBSD: namna ninavyotunza mti wa msimbo na kujenga mfumo endeshi nyumbani

Pi namba tano, yaani ya tano kati ya vikompyuta vidogo vya Raspberry Pi ninavyovitunza, iko kwenye chumba cha baridi cha mfanyabiashara mmoja wa samaki hapa Tanga. Imefungwa ukutani juu ya mlango, ndani ya kiboksi cha plastiki cha mafundi umeme. Kazi yake ni kusoma joto kila dakika na kupiga king'ora likivuka nyuzi nne. Siku moja niliibadilishia mfumo mchana, nikaondoka nimeridhika. Usiku mashine ya kupoza ikazima na king'ora hakikulia. Programu inayosoma kipimajoto nilikuwa nimeinakili kwa mkono kwenye /usr/bin miezi mingi kabla yake, sikuiandika popote, na siku ile nilikuwa nimeweka memori kadi mpya. Asubuhi nilimkuta yule baba amekaa juu ya ndoo, kreti za vibua zimemwagwa nje. Hakunigombeza. Ilikuwa bora angenigombeza.

Kabla ya kompyuta nilikuwa mtunza stoo ya vipuri kwenye shamba la mkonge, miaka tisa. Stoo ina sheria moja tu ya kweli: kitu ambacho hakimo kwenye leja hakipo, hata kama umekishika mkononi. Nilipokuja kujua kwamba kuna mfumo endeshi unaotumia sheria hiyohiyo, unaokataa kukamilika ikiwa kuna faili moja ambayo haijaandikwa, niliuhamia na sijautoka. Mfumo huo ni NetBSD, na maelezo haya ni ya mtu anayetaka kuujenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo, kuuongezea vitu vyake, na kuutunza mwaka baada ya mwaka bila kupotea.

Kabla hujaanza

NetBSD ni mradi huria ulioanza 1993. Unaendesha aina zaidi ya 50 za mashine, kuanzia seva hadi vikompyuta kama Raspberry Pi na mashine za zamani ambazo wengine wameshazitupa. Kwa sababu ya wingi huo, watunzaji wake waliamua mapema kwamba mfumo wote lazima uweze kujengwa kwenye mashine moja kwa ajili ya mashine nyingine kabisa. Kazi hiyo inafanywa na skripti moja, build.sh, iliyotoka na toleo la 1.6 mwaka 2002. Mimi natumia laptopu ya mtumba yenye Linux, na kinachotoka ni mfumo wa Pi. Pi zenyewe hazikompaili chochote. Kuikalisha Pi ikompaile mfumo mzima ni kuitesa bure, pamoja na memori kadi yake.

Kwenye laptopu unahitaji kompaila ya C na ya C++, na mafaili ya zlib ya kukompailia. Kwenye Debian na ndugu zake hiyo ni build-essential na zlib1g-dev. Tenga nafasi ya kutosha. Mimi nimetenga gigabaiti 40 na sijawahi kubanwa. Kitu kingine ni bando. Mti wote wa msimbo wenye historia yake tangu 1993 ni mkubwa sana, usiuchukue wote kama unalipia data kwa mfuko wako. Chukua tawi moja, bila historia:

mkdir ~/netbsd
cd ~/netbsd
git clone --depth 1 -b netbsd-10 https://github.com/NetBSD/src.git src

Hazina rasmi ya mradi iko kwenye CVS, programu ya zamani ya kutunza historia ya msimbo, na hiyo ya git, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ni nakala inayoifuata. Ukipenda kutumia CVS yenyewe, ni sawa, ila ukisasisha andika daima cvs -q update -dP. Ukisahau ile d, folda mpya hazitashuka, na ujenzi utakufa ukitafuta folda ambayo kwako haipo. Nimewahi kupoteza jioni nzima kwa herufi hiyo moja.

Tawi la netbsd-10 ndilo la toleo la 10, lililotoka Machi 2024, 10.1 ikafuata Desemba mwaka huohuo. Kwa mashine zinazofanya kazi ya watu, kaa kwenye tawi la toleo. Tawi kuu, lile linaloitwa current, ni la kuendelezea mfumo. Nalo lina raha yake, lakini si la kufunga juu ya mlango wa mtu mwenye samaki.

Soma folda kwanza

Usikimbilie kujenga. Tenga saa moja utembee ndani ya mti kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Folda ya sys ni kerneli, yaani kiini cha mfumo. bin, sbin, usr.bin na usr.sbin ni programu, na zinalingana na mahali zitakapokaa kwenye mashine: programu ya usr.bin/awk itakuwa /usr/bin/awk. lib ni maktaba. etc ni mafaili ya mipangilio. external ni programu zilizoletwa kutoka miradi mingine, na hizo zimepangwa kwa leseni: external/bsd, external/mit, external/gpl3 na kadhalika. Napenda sana mpangilio huo. Mtu akikuuliza kuna nini chenye leseni ya GPL ndani ya mfumo wako, unamfungulia folda. Na faili la doc/3RDPARTY linaonyesha kila kilicholetwa, toleo lililomo, na toleo jipya lililopo huko kinakotoka.

Kuna folda ya share/mk ambayo wengi wanaipita. Hiyo ndiyo injini. Faili la Makefile la programu ya kawaida lina mistari miwili mitatu tu, kwa sababu kazi yote imeandikwa mara moja ndani ya bsd.prog.mk kwa programu na bsd.lib.mk kwa maktaba. Maelezo yake yako kwenye share/mk/bsd.README. Lisome lote, hata kama hutalielewa lote.

Halafu kuna BUILDING na UPDATING, juu kabisa ya mti. La kwanza linasomwa mara moja. La pili linasomwa kila unaposasisha, kabla ya kujenga, bila kukosa. Humo watunzaji wanaandika kwa tarehe: tumebadilisha kitu fulani, futa folda fulani ya ujenzi kabla hujaendelea. Ukipuuza mstari mmoja wa UPDATING unaweza kupata mfumo unaojengwa vizuri na kuanguka vibaya.

Kujenga

Kanuni yangu ya kwanza: ndani ya src hakiingii kitu ambacho si msimbo. Zana na vinavyojengwa vinakaa nje, kila aina ya mashine na folda zake.

cd ~/netbsd/src
./build.sh -U -u -j4 -m evbarm -a aarch64 -O ~/netbsd/obj-pi -T ~/netbsd/zana-pi tools

Hatua hii ya tools inajenga zana: kompaila inayotoa msimbo wa Pi, na zana nyingine nyingi ambazo majina yake yanaanza na nb. Haitegemei make ya laptopu yako, programu inayofuata maagizo ya mafaili ya Makefile, inajenga ya kwake, nbmake. Hata kazi ndogo ambazo Linux yako huenda haina, inazo kwenye tools/compat. Ndiyo maana mtu mwenye Linux, mtu mwenye macOS na mtu mwenye NetBSD yenyewe wote wanafika mahali pamoja.

Chaguo la -U linakuwezesha kujenga bila kuwa ruti, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Faili likitakiwa kumilikiwa na ruti, hilo linaandikwa kwenye daftari linaloitwa METALOG, na seti, yaani mafurushi ya mafaili ya kupeleka kwenye mashine, zinapofungashwa linasomwa kutoka humo. Usijenge kamwe ukiwa ruti kwenye laptopu yako. -j4 ni idadi ya kazi za pamoja. Weka kulingana na prosesa. -u inamaanisha usifute vilivyojengwa tayari, endelea ulipoishia. Kuhusu hiyo nitarudi, kwa sababu ni rafiki mwenye mtego.

Zana zikiisha, badilisha neno la mwisho kuwa release na uhifadhi kumbukumbu:

./build.sh -U -u -j4 -m evbarm -a aarch64 -O ~/netbsd/obj-pi -T ~/netbsd/zana-pi release 2>&1 | tee ~/netbsd/ujenzi.log

Mara ya kwanza nauacha usiku. Ukikuta asubuhi BUILD ABORTED, usisome mstari wa mwisho ukadhani ndiyo sababu. Kazi nne zinakwenda pamoja, na kosa lenyewe limezama juu, labda mistari mia mbili nyuma. Tafuta nyota tatu ndani ya ujenzi.log, nenda kwenye ile ya kwanza kabisa, kisha soma mistari kumi iliyo juu yake. Ikiwa bado haieleweki, rudia ujenzi kwa -j1. Utakwama palepale, na safari hii maneno yatakuwa kwa mpangilio.

Usichanganye folda za zana. Pi zetu ni za biti 64. Tulipopata bodi moja ya ARM ya biti 32 nilidhani nitaokoa nafasi kwa kutumia zana-pi ileile. Zote mbili ni evbarm, kwa hiyo skripti ya kuitia make, nbmake-evbarm, ikaandikwa juu ya nyingine, na nikawa najenga kitu nikidhani ni kingine. Folda mbili, majina mawili, kichwa hakiumi.

Umeme ukikatika

Betri ya laptopu yangu imechoka, na hapa umeme unakatika. Ujenzi ukikatwa ghafla, -u itakuendeleza ulipoishia, lakini huenda faili lililokuwa linaandikwa wakati ule limebaki tupu. Make inaona lipo na tarehe yake ni mpya, inalipita. Baadaye linker, inayounganisha vipande kuwa programu, inalalamika kwa maneno ambayo hayahusiani na lolote. Kila ninaporudi baada ya umeme kukatika, kabla ya kugusa kitu:

find ~/netbsd/obj-pi -name '*.o' -size 0 -print

Yakionekana, nayafuta kwa kubadilisha -print kuwa -delete, ndipo naendelea.

Mtego mwingine wa -u ni huu: tawi likipokea kompaila mpya au mabadiliko makubwa ya maktaba, vitu vya zamani na vipya vinachanganyika ndani ya obj-pi. Hapo UPDATING inakwambia ufute nini. Mimi nimejiwekea kawaida ya ziada: mfumo ninaoupeleka kwa wateja unajengwa daima kwenye folda tupu. -u ni ya siku za kazi, ninapojaribu.

Leja

Sasa twende kwenye kitu kilichonileta. Chukua programu yangu, inaitwa barafu, mistari 140 ya C. Zamani niliikompaili peke yake na kuisukuma kwenye kila Pi. Sasa inakaa kwenye mti, usr.bin/barafu, ikiwa na mafaili matatu: barafu.c, barafu.1, na Makefile hii:

PROG= barafu
.include <bsd.prog.mk>

Ndiyo hiyo tu. Lakini angalia barafu.1. Huo ni ukurasa wa mwongozo, na mfumo unaudai. Usipouandika, make inasimama ikisema haijui namna ya kutengeneza barafu.1. Kuna njia ya kuizima dai hiyo kwa mstari mmoja, usiitumie. Andika ukurasa, hata aya tatu: programu inafanya nini, inasoma nini, ikishindwa inasema nini. Kijana anayenisaidia kazi aliniuliza, "Dada, kwani nani atausoma?" Wiki mbili baadaye nilikuwa Lushoto kwenye msiba, simu inakamata kwa shida, na yeye peke yake mbele ya Pi inayolia. Aliandika man barafu akajibiwa.

Onyo lolote la kompaila ndani ya mti huu ni kosa, ujenzi unasimama. Msimbo wangu uliokuwa ukipita vizuri nyumbani ulisimamishwa mara saba siku ya kwanza. Onyo moja kati ya hayo saba lilikuwa hitilafu ya kweli: nilikuwa nalinganisha namba yenye alama na isiyo na alama, maana yake joto chini ya sifuri lingesomwa kama joto la kutisha. Kuna kigezo cha kuzima ukali huo pia, NOGCCERROR. Mimi sikigusi.

Ongeza jina la barafu kwenye orodha ya SUBDIR ndani ya usr.bin/Makefile, mahali pake kwa alfabeti. Huhitaji kujenga mfumo wote tena kwa ajili ya programu moja. Ukiwa umeshajenga mara moja, ingia folda yake na utumie ile skripti ya zana:

cd ~/netbsd/src/usr.bin/barafu
~/netbsd/zana-pi/bin/nbmake-evbarm obj
~/netbsd/zana-pi/bin/nbmake-evbarm dependall

Sekunde chache, umemaliza. Kisha jaribu release nzima, na hapa utaona kinachoifanya NetBSD kuwa NetBSD. Itajenga kila kitu, itafika karibu na mwisho, halafu itasimama na kutangaza kwamba ndani ya DESTDIR, folda ambamo mfumo uliojengwa unapangwa, kuna mafaili ya ziada ambayo hayamo kwenye orodha, na litakuwemo ./usr/bin/barafu. Mtu mgeni anakasirika hapo. Saa zote hizo, na programu imekompailiwa bila kosa! Mimi nilitabasamu, kwa sababu hivyo ndivyo mkaguzi wa mali alivyokuwa akifanya mwisho wa mwaka: anashika kipuri, anauliza, "Hiki kimeingia kwa hati gani?"

Leja ziko distrib/sets/lists. Kila seti ina folda yake: base, comp, etc, man, modules, tests, debug na nyinginezo. Ndani yake faili la mi ni la mashine zote, na yanayoanza na md ni ya aina fulani ya mashine. Kila mstari ni njia ya faili, kisha jina la fungu lake, na wakati mwingine safu ya tatu yenye sharti. Kwa barafu niliandika mistari hii, kila mmoja kwenye leja yake:

base/mi:
./usr/bin/barafu base-util-bin

man/mi:
./usr/share/man/man1/barafu.1 man-util-man .man
./usr/share/man/html1/barafu.html man-util-htmlman html

debug/mi:
./usr/libdata/debug/usr/bin/barafu.debug comp-util-debug debug

Safu ya tatu inasema mstari uhesabiwe lini. Ule wa debug unahesabiwa tu ikiwa umeomba taarifa za kutafutia hitilafu zijengwe. Usipoomba, faili halitakuwepo na leja haitalidai. Ukisahau neno hilo la mwisho utapata lalamiko la upande wa pili: limo kwenye orodha, halimo kwenye DESTDIR. Upungufu na ziada, vyote viwili vinasimamisha kazi. Tenganisha safu kwa tabo na ufuate alfabeti kama majirani zake, ili anayekuja baada yako asihangaike.

Na kuondoa? Hapa ndipo watu wanaharibu. Programu ikifa, usifute mstari wake. Kwenye stoo hatufuti, tunaandika kwamba kimetolewa. Hapa pia mstari unabaki, unabadilishwa kuwa:

./usr/bin/barafu base-obsolete obsolete

Kwa mstari huo, mashine ya zamani ikisasishwa, amri ya postinstall itajua kwamba faili lile ni mabaki na italiondoa. Ukifuta mstari kabisa, hakuna atakayejua, na programu iliyokufa itakaa kwenye Pi za watu miaka, labda na tundu la usalama ndani yake.

Maktaba zina sheria yao ya ziada. Kila maktaba ina faili la shlib_version lenye namba mbili, major na minor. Ukiongeza kitu bila kuvunja cha zamani, pandisha minor. Ukivunja, pandisha major, na ujue kila programu inayoitumia itabidi ijengwe upya. Watunzaji wa NetBSD wanaikwepa hiyo ya pili kwa nguvu zote. Libc yao, maktaba kuu ya C, imebaki libc.so.12 kwa miaka mingi sana, wakiongeza matoleo mapya ya kazi pembeni mwa yale ya zamani. Ukigusa maktaba ya pamoja kwa ajili ya haja yako ndogo, nakushauri urudi nyuma ufikirie tena. Karibu kila mara haja hiyo inaweza kutimizwa ndani ya programu yako mwenyewe.

Kerneli

Vipimajoto vyetu ni LM75, na kiendeshi chake ni lmtemp. Sikugusa faili la GENERIC64, lenye mipangilio ya kawaida ya kerneli ya mradi. Nimeandika faili langu, sys/arch/evbarm/conf/BARAFU, mistari miwili:

include "arch/evbarm/conf/GENERIC64"
lmtemp0 at iic0 addr 0x48

Kisha build.sh ileile, neno la mwisho likiwa kernel=BARAFU. Faida yake ni kwamba GENERIC64 ikirekebishwa na mradi, narithi marekebisho bila kufanya lolote. Waliofanya nakala ya faili zima na kulibadilisha wanabaki na kerneli ya mwaka juzi chini ya jina jipya. Kerneli iliyojengwa utaikuta ndani ya obj-pi, kwenye sys/arch/evbarm/compile/BARAFU, faili linaitwa netbsd.

Kupeleka kwenye mashine

Utaratibu ni kerneli kwanza, uwashe upya, ndipo programu. Nilipotoka 9 kwenda 10 nilifanya kinyume kwenye Pi moja, kwa mbali, kupitia ssh. Nilifungua seti ya base juu ya mfumo unaoendeshwa na kerneli ya zamani. Programu mpya zikaanza kuomba huduma ambazo kerneli ile haizijui, zinakufa na maneno Bad system call, moja baada ya nyingine. Ssh ilikuwa bado wazi, lakini sikuwa na amri ya kufanya nayo lolote. Nilipanda bodaboda nikaenda na memori kadi nyingine mfukoni.

Kwa hiyo: nakili /netbsd iliyopo kwa jina la /netbsd.zamani, weka mpya, na papohapo fungua seti ya modules. Moduli zinakaa chini ya /stand kwenye folda yenye namba ya toleo, hivyo za zamani na mpya hazigombani. Washa upya. Ikigoma kuwaka, kwenye kidokezo cha kuwashia andika boot netbsd.zamani na umerudi ulikotoka. Ikiwaka, acha ikae walau saa moja, ndipo ufungue seti nyingine ukiwa ruti, kwa tar na chaguo lake la p ili ruhusa za mafaili zibaki zilivyoandikwa.

Seti moja usiifungue juu ya mfumo: etc. Hiyo ina mafaili ya mipangilio matupu, itafuta nywila na anwani zako zote. Ifungue pembeni, tuseme /tmp/mpya, kisha:

etcupdate -s /tmp/mpya
postinstall -s /tmp/mpya check

Etcupdate itakuonyesha tofauti faili kwa faili na kukuuliza. Usibonyeze tu, soma. Postinstall itataja vilivyopungua na mabaki ya kuondolewa, nawe ukiridhika unabadilisha check kuwa fix. Pi yetu haiondoki mikononi mwangu mpaka postinstall check imenyamaza.

Na baada ya hapo, majaribio. Mfumo unakuja na majaribio yake ndani ya /usr/tests. Ingia humo uandike atf-run | atf-report. Yanachukua muda. Yaendeshe kwenye Pi ya mezani, si ile ya kazini, na uhifadhi matokeo ili safari ijayo ulinganishe. Machache yatashindwa hata kwenye mfumo usioguswa. Unachotafuta ni jaribio lililokuwa likipita na sasa halipiti.

Jambo dogo kwa wanaopenda hesabu kamili: tangu 2017 mradi ulitangaza kwamba NetBSD ya amd64 na ya sparc64 inaweza kujengwa mara mbili, na watu wawili tofauti, na ikatoka ileile biti kwa biti. Chaguo ni -P, linalogandisha tarehe kulingana na msimbo badala ya saa ya laptopu. Mtu anayekuuzia mfumo aliojenga mwenyewe, una haki ya kumwomba msimbo na kujihakikishia.

Viraka vyako na vya wengine

Mabadiliko yangu yote yako kwenye tawi langu, nimeliita kwetu, juu ya tawi la mradi. Kila badiliko ni kiraka kimoja kinachojitegemea: kimoja cha programu ya barafu pamoja na mistari yake ya leja, kimoja cha kerneli, kimoja cha skripti ya rc.d inayoiwasha. Usichanganye. Kiraka chenye mambo matatu hakiwezi kuondolewa jambo moja. Na kwenye maelezo ya kila kiraka naandika sababu: mashine gani, tatizo gani, siku gani. Jinsi gani inaonekana kwenye msimbo. Kwa nini haionekani.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi:

git fetch origin netbsd-10
git log --oneline HEAD..FETCH_HEAD
git diff HEAD FETCH_HEAD -- UPDATING
git rebase FETCH_HEAD

Nasoma orodha ya yaliyobadilika kabla ya kuyapokea. Tawi la toleo halipokei vitu ovyo: rekebisho linaingia kwanza tawi kuu, kisha aliyelifanya anaomba lishushwe, na kundi linalosimamia matoleo linalipa namba ya tiketi na kuliandika kwenye faili la CHANGES la toleo hilo ndani ya folda ya doc. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini mstari fulani umebadilika, kuna maelezo, na kuna mtu anayewajibika kwayo.

Usibaki na viraka ambavyo si vya kwako peke yako. Nilikuwa na cha nne, rekebisho la ukurasa mmoja wa mwongozo uliotaja chaguo ambalo programu haina. Kwa mwaka mzima nilikibeba, kila mwezi nakipandisha juu ya tawi jipya, mara kinagoma kwa sababu jirani yake amebadilika. Mwishowe nilikituma kwa send-pr, njia ya kuupelekea mradi ripoti za hitilafu, aina ya bin, nikaeleza amri niliyoandika, nilichotarajia, nilichopata, na kiraka chenyewe mwishoni, kimekatwa dhidi ya tawi kuu na kufuata mtindo ulioandikwa kwenye share/misc/style. Ripoti fupi kama hiyo inamchukua msomaji dakika mbili. Ripoti isemayo tu kwamba kitu hakifanyi kazi inamchukua siku, na siku hiyo hana.

Miezi michache baadaye, Jumamosi ya kwanza, nilifanya rebase kama kawaida. Git ikaniambia kiraka kimoja kimeachwa kwa sababu tayari kimo kwenye mti. Nilihesabu tena: vitatu. Nikafungua daftari la karatasi ninaloweka kando ya laptopu, nikatafuta mstari wa kiraka cha nne, na pembeni yake nikaandika tarehe na neno kimepokelewa.